Siku Zuhura Alipomtembeza Bibi Yake Mjini

Iko Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka kwanza, kisha hujilaumu kidogo. Ilikuwa mwaka 2017, hapa hapa Johannesburg. Leo mnaniita mzee, mvi zimenijia haraka, lakini wakati ule nilikuwa bado najiona kijana, tena kijana mwenye uhakika wa kila kitu. Mtu wa namna hiyo hukosea mwaka mzima na asijue.

Tulikaa Bertrams, karibu na uwanja mkubwa wa mpira, mimi na mke wangu Mwanaidi, binti yetu Zuhura wa miaka tisa, na Salma aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Nyumbani nilikuwa nimeweka sheria moja: watoto wasemeshwe Kiingereza tu. Miaka miwili nyuma kulitokea fujo dhidi ya wageni, na duka la jirani yetu likavunjwa mimi nikitazama dirishani. Tangu hapo, kila tulipopanda teksi nilimwinamia Zuhura nikamwambia asitamke neno la Kiswahili njiani. Mwanaidi alinipinga mara nyingi. Nilimjibu kwamba usalama wa mtoto unakuja kabla ya lugha, nikajiona nimesema jambo kubwa.

Basi mama yangu akaja kututembelea kutoka Tanga, akakaa mwezi mzima. Zuhura alijua kusema shikamoo, na baada ya shikamoo maneno yaliisha. Bibi na mjukuu wakawa wanakaa kitandani wanatazamana na kutabasamu. Nikiwepo nilitafsiri; nikiwa kazini, sijui walifanyaje. Mama hakulalamika hata mara moja. Ungemjua mama yangu, mtu wa maneno mengi tangu alfajiri, ungejua kwamba kunyamaza kwake hakukuwa kwa kawaida.

Jumapili ya mwisho kabla hajaondoka, nikasema leo familia nzima inatoka kutembea mjini. Nikwambie ukweli, hata mimi nilikuwa sijawahi. Miaka yote ile nilijua njia ya dukani na njia ya msikitini, basi. Mama alivaa baibui lake jipya na viatu vya sikukuu, ingawa nilimwonya kwamba tutatembea sana.

Tulianzia kwenye jengo refu la katikati ya mji, lile la ghorofa hamsini. Ndani ya lifti mama alinishika mkono na kusoma dua mpaka milango ilipofunguka. Kule juu ni vioo pande zote, na mji umelala chini yako, mabati ya Bertrams upande mmoja, maghorofa ya Berea upande mwingine. Nikawaacha wote kwenye kioo cha kusini, nikaenda kuwanunulia maji.

Niliporudi nilisimama nyuma ya nguzo, maana nilisikia kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukisikia maishani. Mama alikuwa ananyoosha kidole, akijisemea tu kama kawaida ya wazee, kwamba vile vilima vya manjano kule mbali ni vizuri, sijui vinalimwa nini. Na Zuhura akamjibu.

"Bibi, hiyo si mlima. Hiyo ni mchanga ya mgodi. Watu alichimba dahabu chini, mchanga anatupa juu."

Kumbe mtoto alikuwa anaelewa kila kitu! Mimi na mama yake tulipozungumza wenyewe kwa wenyewe, yeye alikuwa anasikiliza na kuweka. Mama alimgeukia taratibu, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamwuliza kama wachimbaji wale walikuwa hawaogopi giza. Zuhura alifungua mdomo ajibu. Hapo ndipo akaniona. Akaufunga mdomo, akatazama sakafu, na kwa Kiingereza akaniomba radhi.

Akaniomba radhi, mwanangu, kwa sababu amezungumza na bibi yake.

Mama hakuhitaji kutafsiriwa. Alimwomba Mwanaidi aende na watoto upande wa pili wa vioo, kisha akanikalisha kwenye benchi. Nilimweleza yote: fujo, duka la jirani, teksi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, wala hakupandisha sauti.

"Bakari, woga wako nauelewa. Ningekuwa hapa ningeogopa kama wewe. Lakini woga huo ni wako, ubebe wewe. Usimtwishe mtoto," alisema. Kisha akaongeza, "Nimekaa siku ishirini na nane na mjukuu wangu, na leo ndiyo nimemsikia sauti."

Niliondoka pale, nikachuchumaa mbele ya Zuhura, na kwa mara ya kwanza tangu niweke ile sheria nikamsemesha Kiswahili. Nilimwambia, "Mtembeze bibi yako. Leo wewe ndiye mwenyeji." Alimtazama mama yake kwanza, kuhakikisha kwamba sijaugua.

Mchana tulipanda basi la watalii, lile la ghorofa mbili lisilo na paa. Kila abiria hupewa vya kuweka masikioni, asikilize maelezo ya mji kwa Kiingereza. Zuhura alivaa vyake, akawa anasikiliza na kumpigia bibi yake kelele kwa Kiswahili, kwa sababu ya upepo. Tulipofika kwenye kile kilima ambako gereza la zamani limegeuzwa mahakama kuu ya katiba, akatangaza, "Bibi, hapa zamani jela! Sasa jaji nakaa ndani."

Mama akashtuka. "Masikini. Wamefanya kosa gani?"

Mwanaidi alicheka mpaka Salma akaamka mgongoni. Na hapo mwanamume wa kiti cha nyuma akainuka na kuniinamia. Mkono wangu ulikwenda wenyewe begani kwa Zuhura. Kumbe ni Mkongomani wa Bukavu, yuko na mkewe, naye machozi ya kicheko yanamtoka. Akamsalimia mama kwa heshima, akamwambia kwamba mjukuu wake anafasiri muzuri kupita ile mashine ya masikio, na akaomba mtoto aseme kwa nguvu zaidi ili na wao wasikie. Zuhura akasimama akashika chuma cha kiti. Tukazunguka mji wote hivyo, kila robot, ndivyo wanavyoita hapa taa za barabarani, likituzuia kwa nyekundu yeye anaeleza, watu wa basi wanageuka, na hakuna aliyetukasirikia.

Mama aliondoka Jumatano. Tangu wiki ile, kila Ijumaa simu ya mama ilipolia, haikuwa yangu tena. Mimi nilipewa salamu za mwisho mwisho.

Basi mwanangu, wewe unayelea ugenini, nakuusia hili. Mfundishe mtoto wako kuwa mwangalifu, kwa sababu hatari zipo na mimi si mtu wa kuzikana. Lakini usiyaonee haya yale maneno uliyolelewa nayo. Msemeshe hayo mezani, msemeshe barabarani, hata akikosea mwache akosee kwa sauti. Na siku ukikuta umekosea wewe, usingoje; chuchumaa mbele ya mtoto uanze upya papo hapo, uwe na miaka thelathini au sabini.

Mola aijaze nyumba yako vicheko, na wazazi wako wakija wakute watu wa kuzungumza nao. Amina.