Majina ya Akina Mama Kwenye Fomu

Nilikotoka, Tanzania, mgombea binafsi ni jambo la kubishaniwa mahakamani. Hapa Toronto ni fomu tu, na saini mia za wapiga kura wa jimbo. Kwa hiyo jirani yangu, mama wa Kikongo anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, aliposema anagombea ubunge bila chama, nilimwambia suala la saini aniachie mimi. Mimi na mdomo wangu!

Wiki nzima nilizunguka maghorofa ya mtaa wetu wa Dixon, nikipanda ngazi kila lifti ilipogoma, nikinywa chai nisiyoihitaji. Ijumaa nikampelekea karatasi, nimevimba kichwa. Mwisho wa kuzirudisha ulikuwa Jumatatu mchana. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaanza kucheka. Alipofika wa pili akaacha kucheka.

"Dada, hawa wote ni Mama Fulani."

Kweli. Wanawake karibu wote walikuwa wameandika jina tunalowaita kila siku, Mama wa huyu, Mama wa yule, kwa mtoto wa kwanza. Daftari la wapiga kura halimjui mtu kwa uzazi wake. Nilikasirika, kwanza na wao, kisha na mimi mwenyewe, maana nilisimama pale nikiwatazama wakiandika na sikuona kasoro yoyote. Na hata ningetaka kuwasahihishia, ningeandika nini? Nilisali nao miaka, nikapika nao kwenye misiba, na sikujua jina la hata mmoja. Niliona aibu sana.

Jumapili baada ya ibada tukasimama mlangoni mwa kanisa, mimi na mgombea wangu, na fomu mpya.

"Jina lako wewe, mama. Lile la kwenye kitambulisho."

Pakawa na vicheko. Marafiki wa siku nyingi waliulizana, "Kumbe wewe ndiye unaitwa hivyo?" Binti mmoja alianza kumjibia mama yake kwa Kiingereza, mama akamkatiza, akajitaja mwenyewe kwa sauti ya kusikika hadi maegesho.

Watu walipotawanyika tulipungukiwa saini moja. Nikashuka jikoni, nikamkuta bibi mmoja wa Kikongo akiosha vikombe. Alipanda nami taratibu, akashika kalamu, akasita.

"Kule kambi ya wakimbizi walikuwa wanaandika jina yangu juu ya kunipa unga. Hapa naandika juu ya nini?"

"Ili huyu aruhusiwe kupigiwa kura, bibi. Bila saini yako hawezi."

"Basi mimi njo namupa ruhusa?"

"Ndiyo. Ni wewe."

Kwa saini hiyo jirani yangu aliingia kwenye karatasi ya kura. Lakini bibi hakuwa na haraka ya kuitoa. Aliweka kalamu chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akamgeukia mgombea wetu.

"Simama muzuri," akamwambia. "Nikuone."