Letay Aliyekataa Kubusu Msalaba

Kazini walimwita Letay mtu asiye na pua. Miaka ishirini na sita alifanya kazi ya kufua hospitalini, mjini Gothenburg, Uswidi, upande wa kupokea, ambako mashuka hufika yakiwa bado na joto la wagonjwa. Damu, usaha, matapishi, kinyesi cha wazee, vyote vilipita mikononi mwake. Siku moja alikung'uta foronya yakadondoka meno bandia yenye mabaki ya samaki. Wenzake wakatawanyika. Yeye aliyaosha, akayafunga kwenye karatasi, akayapeleka wodini mwenyewe, kisha akaketi kula chakula chake.

"Wewe mama una tumbo la chuma," msimamizi alimwambia.

"Mimi nilikwenda Sudan kwa miguu wiki tatu, huku naharisha," Letay akajibu. "Hapa naona niko hotelini."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa ile njaa kubwa alitoka Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, akiwa na miaka kumi na saba. Kaka yake, Gidey, alibaki. Alikuwa mshika funguo wa kanisa la kijiji chao, lile lililochongwa ndani ya mwamba, na alisema funguo haziwezi kwenda ukimbizini. Kila mwaka Letay alimtumia mishumaa, na mara moja alimtumia mwavuli wa mahameli wenye nyuzi za dhahabu wa kufunikia sanduku takatifu siku ya Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Yesu. Gidey alimpigia simu akilia.

Gothenburg nako Waethiopia walikuwa na kanisa lao, jengo la kupanga kwa Waswidi. Padri wao, Keshi Berihu, alikuwa Mtigray kama Letay, mzaliwa wa Adwa. Ndiye aliyembatiza Rahwa, binti wa Letay, na ndiye aliyekuwa baba wa roho wa nyumba ile: alisikia maungamo yao, alikunywa kahawa yao. Kila Jumapili ibada ikiisha alisimama mlangoni na msalaba wake wa mti, na kila mtu aliinama akaubusu. Letay aliubusu miaka kumi na tisa.

Vita kati ya serikali na Tigray vilipoanza Novemba, simu zilikatika. Habari ilimfikia Februari, kwa sauti ya mpwa wake iliyokuwa inakatikakatika. Askari wa serikali walifika kijijini wakadai funguo. Gidey akakataa. Walimpiga risasi pale pale mlangoni pa kanisa, wakakataza asizikwe siku tatu. Alipozikwa, fisi walikuwa wameshamfikia.

Letay aliandika jina la kaka yake kwenye karatasi, akampelekea Keshi Berihu ili asomewe ibada ya marehemu. Siku arobaini zilikuwa zimeshapita, lakini angefanyaje.

Jumapili ile Keshi Berihu aliwaombea askari wa serikali, Mungu awape ushindi. Akasoma majina ya marehemu. La Gidey halikuwemo.

Letay akamngoja mlangoni. "Abba, jina la kaka yangu hukulisoma."

"Mwanangu, siasa tuiache nje ya kanisa."

"Gidey ndiye siasa?"

"Subiri hali itulie. Kuna maagizo kutoka juu." Na huku anasema hayo, kwa mazoea tu, akamsogezea msalaba mdomoni.

Letay akautazama. Watu zaidi ya thelathini walikuwa wameshaubusu. Mti ulikuwa umelowa, una alama ya rangi ya midomo, na kidole gumba cha padri kilikuwa kinateleza juu yake. Akajiziba mdomo kwa shuka lake jeupe la kujitanda, akatoka mbio, akatapika kwenye theluji, penye baiskeli za watu.

"Mama, unaumwa?" Rahwa akamuuliza.

"Siumwi. Nimemwona mtu alivyo."

Nyumbani alisugua meno na ulimi mpaka fizi zikatoka damu. Alifikiria dhambi zote alizomnong'oneza mtu yule kwa miaka kumi na tisa, akaona kama bado ziko mdomoni mwake, zimenasa kama makombo.

Jumamosi Keshi Berihu akaja na mfuko wa machungwa. Letay alimkaribisha, akakaanga kahawa, akakata mkate wa himbasha. Padri alikula vizuri, chembe zikamganda ndevuni.

"Unadhani mimi siumii?" alisema. "Ni Mtigray kama wewe. Lakini nina watoto wanne, na nyumba ninayokaa ni ya kanisa."

"Wale uliowaombea ushindi, ulijua wako wapi siku hiyo?"

"Nilisoma nilichoandikiwa."

Letay akammiminia kikombe cha kwanza, akammiminia cha pili. Cha tatu kwao huitwa baraka, na hakuna mgeni anayeondoka bila kukinywa. Letay akakichukua kikombe mkononi mwa padri, akakiweka kwenye sinia.

"Kahawa imeisha, abba."

"Mbona buli lina kahawa, naiona."

"Ipo. Ila wewe hunywi."

Rahwa, aliyeketi nao, alishindwa hata kuinua macho. Padri alivaa koti lake taratibu, akaondoka. Machungwa Letay aliyatupa jalalani, akanawa mikono mara mbili.

Baadaye Watigray walilihama kanisa lile mmoja mmoja, wakakodi ukumbi wa michezo wa shule, unaonuka soksi na mpira. Padri kijana, Keshi Kahsu, alikuja kwa treni kutoka Oslo kila baada ya wiki mbili. Hapo jina la Gidey lilisomwa, pamoja na mengine mengi mno hata wazee wakaomba viti. Letay alilia siku hiyo mpaka akaishiwa nguvu. Lakini mwezi wa pili haukuisha, wanaume wawili wakakunjana makoti kwa ajili ya uenyekiti wa kanisa.

"Maiti zetu hazijaoza bado, nyinyi mnagombea kiti," aliwaambia. "Mnanitia kinyaa kama yule Berihu."

Alipoungama, Keshi Kahsu alimwambia amsamehe Berihu, akampa sijda hamsini. Alizifanya zote, magoti yakavimba.

Masika yaliyofuata alikutana na Berihu ndani ya tramu, amekonda. Letay alimwamkia vizuri, akawaulizia watoto wake mmoja mmoja kwa jina. Mzee akafurahi, akaingiza mkono kifuani, akautoa msalaba, akamsogezea. Kinyaa kikamrudia Letay vile vile kama siku ya kwanza. Akainama kwa mbali, mkono kifuani, akashuka kituo kisicho chake, akatembea kwenye mvua.

"Nimesujudu hamsini na kinyaa bado kipo," alimwambia Keshi Kahsu.

"Sujudu tena, mama."

"Nitasujudu, abba. Lakini mdomo ni wangu."