Kipande cha Ukuta Pembeni mwa Ngazi

Nimeishi Kigoma, Tabora, Lusaka na Harare kabla ya kufika Johannesburg, na kote huko nimefanya mambo ya kijinga, lakini hili ndilo pekee nililolifanya nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi, tena mbele ya wageni waalikwa.

Tulikuwa tunakarabati maktaba ya zamani mjini, jengo la nguzo na matao lililoiga majumba ya Italia ya karne nyingi zilizopita (msanifu wetu, mama mmoja mpole, alikuwa akizipapasa kuta zake kama mtu anayeamsha mtoto). Tuliweka lifti, nyaya mpya na taa, na bado ukiingia ulijiona umerudi zamani, nami ni mtu wa kukumbuka ya zamani, nikalipenda. Mwishoni wangebakiza fundi mmoja wa kudumu, na mimi nilishachoka kuhama, nikaitaka nafasi ile kuliko kitu chochote.

Asubuhi ya ufunguzi nikawahi kuliko wote, nikazunguka (miezi yote nilikuwa juu ya paa, humu ndani nilipita tu), nikakuta pembeni mwa ngazi kuu kipande cha ukuta, ukubwa wa sinia, kimechunikachunika, huku kahawia, huku kijani, huku kama masizi. Eish, nikasema, jamaa wamesahau. Nikachukua brashi na rangi ya mafuta, kikapotea. Nilipaka mara mbili, maana mimi sifanyi kazi nusunusu.

Wageni wakaja, msanifu akawapandisha ngazi, akasimama palepale, akawageukia, na bila kutazama nyuma akaweka kiganja ukutani.

“Hapa tumeacha makusudi tabaka zote za rangi tangu jengo lijengwe. Ni sehemu pekee iliyobaki.”

Wageni wakatazama. Mzee mmoja akavaa miwani, akasogea, akaitikia kwa kichwa, akasema anaziona.

Msanifu akaondoa mkono, ukabanduka kwa sauti. Akautazama. Akauliza taratibu nani amepaka, nami (naapa nilidhani nasifiwa) nikainua mkono, nikataja jina na ukoo.

Papa Dorcas (kwao baba ni papa), msimamizi wetu kutoka Lubumbashi, ambaye ndiye aliyekuwa akiniombea ile nafasi, akanivuta nyuma ya nguzo.

“Weye, nani alikutuma?”

“Papa Dorcas, palikuwa pachafu.”

“Pachafu! Wiki tatu batu banakwangua na kisu ya munganga wa hospitali, sababu ikuwe vile!”

“Basi nipasugue?”

“Usiguse! Weka mikono mu mufuko!”

Nikaiweka, na ndivyo nilivyosimama hata wimbo wa taifa ulipopigwa.

Nafasi alipewa bwana mmoja asiyejua kupaka rangi kabisa. Nasikia hiyo ndiyo sifa iliyowavutia. Nami nimeapa sitamalizia tena kazi ya mtu bila kuuliza. Chumbani kwangu, mtaa wa Bertrams, dari limeota doa kubwa la kahawia, na nimeshamuuliza mwenye nyumba mara tatu kama aliliacha makusudi. Hajajibu. Siligusi.