Alama Nyekundu ya Kariakoo

Wiki yangu ya kwanza kazini, nilipewa jukumu la kupima mahali pa kusimika nguzo za kituo cha mwendokasi Kariakoo. Nikaona alama nyekundu imepakwa pembeni mwa barabara, nikajua ni ya wapimaji waliotangulia. Sikuuliza. Injinia mzima niulize nini? Nikapima kuanzia pale, mafundi wakachimba mashimo sita. Nikapiga na picha, nikamtumia mama.

Mchana bosi akaja kukagua. Hata hajakunjua michoro, akatokea mama muuza vitenge, mzigo kichwani.

"Shikamoo mama. Hapa pana ujenzi," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Sasa mbona mmechimbia kwenye alama yangu? Nimeipaka mwenyewe, wenzangu wasinichukulie nafasi."

Bosi akanigeukia taratibu. "Kwa hiyo injinia, kituo chetu umekipimia kwenye meza ya vitenge?"