Siku Niliyoinyima Griftu Miraa Yake

Niliyoyafanya Griftu siku ile nimeyaficha miaka mingi, hata mke wangu aliyasikia kwa watu harusini, na mimi nikajifanya wanamzungumzia rubani mwingine. Lakini kwa kuwa leo mmenibana, na wengi waliokuwepo wameshazeeka au wametutoka, wacha niseme mwenyewe kabla sijasemewa.

Ilikuwa mwaka ule baada ya mvua ya El Nino, barabara zimekatika kila upande, lori likitoka Garissa hujui litafika wiki hii au mwezi ujao, na mimi nilikuwa mwanafunzi wa urubani Nairobi, kijana mwembamba mwenye kichwa kikubwa kuliko saa alizokwisha kuruka. Aabo, yaani baba yangu, hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Alitaka nirudi Griftu nishike ngamia wake, na baada ya hooyo, mama yangu, kumsihi sana, akatoa sharti moja: nije nitue pale nyumbani, anione kwa macho yake mbele ya wazee wenzake, halafu ataamua kama ninaendelea au ninarudi malishoni. Kwa hiyo mwalimu wangu aliponipa safari ndefu ya kuruka peke yangu, nikaomba Griftu, nikampelekea Aabo habari kwa taar (zile redio za madukani tulizotumia kabla ya simu), nikanyoosha shati langu jeupe mara mbili.

Nikajaza mafuta Garissa, nikaelekea kaskazini, na kama saa tisa alasiri hivi nikauona mji. Sasa, kwa wasiojua, kiwanja kidogo kama kile hakina mnara wala mtu wa kukuelekeza, kinachosema na wewe ni kilichoko chini. Kuna soksi ya upepo, ule mfuko mrefu wa kitambaa juu ya mlingoti, unaokuonyesha upepo unatoka wapi ili utue ukiukabili, na kuna duara la mawe meupe lenye mikono iliyopinda, inayokuambia uzungukie upande gani kabla ya kushuka. Unatakiwa upite juu kwanza, usome yote hayo, ndipo uingie kwenye mzunguko. Mimi nilikuwa nimeyakariri hadi nayaota, na kwenye mtihani wa mambo hayo sikukosa hata swali moja.

Pale Griftu mikono ya mawe ilielekeza kulia, mbali na mji. Niliiona, wallahi niliiona, lakini nyumba yetu ilikuwa kushoto, na nikawaza, mtu nimezaliwa hapa, hooyo amesimama uani tangu asubuhi ananingoja, nizunguke kule porini kama mgeni? Nikapinda kushoto. (Ndiyo, ni hilo tu, yaliyofuata yote yalitoka hapo.) Na soksi sikuitazama kabisa, kwa sababu mtoto wa wafugaji haulizi upepo: ilikuwa jilaal, kiangazi chetu, na upepo wa jilaal naujua tangu nachunga mbuzi, unatoka kaskazini mashariki, kwisha.

Nikapita chini chini juu ya nyumba yetu, nikamwona hooyo anapunga shungi lake, nikapita juu ya kisima, nikaona ngamia wanatimua mbio huku na huku, nikasema eh, hata wao wamefurahi. Kisha nikauona umati kiwanjani, wanaume kwa wanawake, punda na mikokoteni, wote wameinua nyuso juu. Machozi yalinilengalenga. Nikajiambia Griftu nzima imetoka kwa ajili yangu, nikawapungia mkono, kana kwamba wangeweza kuuona.

Kumbe wanangoja miraa. Barabara zikiwa zimekatika, miraa ilikuwa inaletwa kwa ndege, na siku ya pili sasa ilikuwa haijaonekana, midomo imewakauka, hawana habari na shati langu.

Nilikuwa karibu kugusa chini nilipoiona ndege ya miraa inashukia ncha ya pili ya kiwanja, imenielekea usoni. Yule rubani alikuwa amefuata mawe, amefuata soksi, na bila shaka alikuwa amesema kwenye redio kwamba anashuka, ila redio yangu ilikuwa inakwaruza na mimi nilikuwa nimeipunguza sauti nipate kufurahia nyumbani kwetu vizuri. Akainua pua, akanipita juu, nikasikia kiti kinatetemeka. Mimi nikatua hivyo hivyo, na ndipo nikajua kwamba upepo ulikuwa umegeuka na unanisukuma mgongoni, maana breki nakanyaga na ndege haisimami, inakwenda tu, hadi gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga laini ulioachwa na mafuriko, mkia umebaki kiwanjani umeziba njia.

Ndege ya miraa ikazunguka mara mbili (upande wa porini, kama inavyotakiwa), ikaona hapana pa kutua, ikaelekea Wajir. Watu waliitazama mpaka ikapotea. Kisha wakanigeukia mimi.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Habaryar (yaani mama mdogo) Dahabo, mama aliyewauzia wote miraa. Akachungulia ndani ya ndege.

"Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, habaryar. Ni mimi tu."

"Ni wewe tu," akarudia polepole, akawageukia watu wamsikie.

Hapo maneno yakaanza kunimiminikia, na wenye ngamia nao wakafika wakihema, wanyama wao wametawanyika kutoka kisimani. Askari mmoja wa kutoka bara akapenya katikati, akauliza kwa Kiswahili, "Huyu kijana ni wa nani?"

Aabo alikuwa pale pale na wazee aliowaalika, amevaa kikoi kipya, ndevu amezitia hina kwa ajili yangu. Nilimwona anaangalia viatu vyake. Angeweza kunyamaza, askari hakumjua, na mimi kwa aibu nilitamani anyamaze.

"Ni mtoto yangu," akasema, kichwa ameinamisha. "Ni yangu."

Vijana wakaisukuma ndege bila kunitazama, na sisi wawili tukaenda nyumbani kwa miguu. Njiani akaniuliza kwa Kisomali kama niliyaona yale mawe meupe.

"Niliyaona, Aabo. Nilidhani ni ya wageni."

Akatembea kidogo. "Tuliyabeba sisi wazee, siku mbili, tukayapaka chokaa. Rubani mmoja alituuliza ngamia wanakunywa wapi, tukamwonyesha, akatuambia basi pangeni mikono ielekee upande wa pili, kila mwenye ndege ataelewa. Mimi sijui kusoma, lakini hiyo naielewa."

Nilijua safari yangu ya Nairobi imeishia pale, nikaanza kuwaza majina ya ngamia.

Jioni wazee wakakaa kwetu na chai tupu, wanapiga miayo, hamu ya kuongea hawana. Mmoja akasema, "Basi huyu amerudi kwenye ngamia."

"Ngamia gani?" Aabo akamjibu. "Si amewatawanya? Watu bado wanawatafuta." Wakacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Halafu akasema bila kunitazama, "Atarudi Nairobi amalize. Nimeshasema mbele ya watu kwamba ni wangu. Siwezi kuwaacha wamkumbuke kwa hii ya leo."

Nikatoka nje nikalia, hooyo akanifuata na kikombe cha maziwa.

Aabo ametangulia, Mungu amrehemu, na nikisikia harufu ya hina namkumbuka. Nimerusha ndege tangu wakati huo mpaka mvi zimenijaa, na kila kiwanja ninachofika, hata nilichotua jana yake, napita juu kwanza nikasoma kilichopangwa chini, na abiria wakinung'unika kwamba tunapoteza muda nawaacha wanung'unike. Sitaki tena mzee wa mtu ainamishe kichwa mbele ya umati kwa sababu yangu.