Miguu ya Mama Limbu

Juzi lipu ilibanduka kwenye ukuta wa ofisi yangu, pale chuo kikuu chetu kidogo cha Wamennonite, na lile tofali jekundu lililojitokeza likanirudisha kanisani Mwamkulu, mchana ule wa kutawadhana miguu, waumini wawili wawili wakioshana kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake.

Nilikuwa binti niliyebatizwa karibuni, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kushiriki. Upande wa wanawake kulinuka sabuni ya kipande na kanga zilizolowa. Nikapangwa kuoshana na jirani yetu, Mama Limbu. Miguu yake ilikuwa myekundu hadi magotini, visigino vimepasuka, udongo umejaa kwenye nyufa. Nikadhani ni mtu asiyeoga.

"Mimi siwezi," nilimwambia mama yangu kwa sauti. "Hii miguu michafu."

Mama akainamisha kichwa.

Sikujua kwamba kila alfajiri, kabla ya kwenda shambani, Mama Limbu alikuwa anakanyaga udongo wa kufyatulia tofali za shule ya Biblia, vile vyumba vitatu vilivyokua hadi kuwa chuo kikuu hiki ninamofundisha. Udongo ule hautoki kwa sabuni.

"Usijali, mwanangu," Mama Limbu akasema. "Wewe kaa."

Nami nikakaa. Akapiga magoti, akaniosha miguu polepole, kidole kwa kidole, akaikausha kwa kanga yake.

"Haya, yako imetakata," akasema, akainuka bila kuoshwa yake.