Mifupa Chini ya Ukuta wa Kanisa

Mimi ni mwepesi wa hasira, na nilipopewa uenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa letu, nje kidogo ya Bariadi, wepesi huo ukazidi. Tulikuwa tunapanua kanisa upande wa mashariki na mvua zilikuwa zinakaribia. Asubuhi moja fundi akanipigia simu: katika kuchimba msingi amekuta mifupa ya mtu.

Polisi walikuja na mtendaji wa kijiji, wakaitazama, wakaandika maelezo, wakasema ni ya zamani mno, tuizike kwa heshima. Walipoondoka nikamwagiza fundi aitie kwenye mfuko wa saruji, aiweke stoo mpaka mchungaji arudi safari, kisha aendelee kuchimba. Akaitikia, "Sawa, mzee." Ni mtu wa Lamadi, mpole mpaka anaudhi.

Jioni nikamsimulia shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Nilikuwa nalalamikia ujenzi kuchelewa, basi. Yeye akaacha kuchambua choroko.

"Udongo wa hapo ukoje, baba?" Huniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la baba yake.

"Mweusi. Laini kama majivu."

"Hilo ni zizi."

Nikajua anakoelekea. Babu alifariki shangazi akiwa msichana, akazikwa ndani ya zizi la ng'ombe wake, kama walivyozikwa wenye miji, yaani wakuu wa kaya, wa Kisukuma zamani. Baadaye watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, ua wa minyaa uliozunguka mji ukang'olewa, na kaburi likapotea. Shangazi alikuwa akilitafuta tangu hapo. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba mji wao ulikuwa karibu na lilipo kanisa.

"Alilalia upande gani?" akauliza. "Mwanamume hulazwa ubavu wa kulia. Mwanamke wa kushoto."

Mifupa iliyotiwa mfukoni haina ubavu. Hasira hasara, na hii ilikuwa hasara ya ukoo mzima, nami ndiye niliyeiagiza.

Kulipokucha nikampeleka, nimejiandaa kukiri kosa. Fundi alimwamkia shangazi, "Mwangaluka, mama," kisha akafunua turubai kwenye msingi. Mifupa ilikuwa palepale, haijaguswa, imelalia ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa.

"Nilisema nisubiri kwanza hasira za mzee zishuke," akasema.

Shangazi alipiga magoti ukingoni. "Baba," akasema, na safari hii hakuwa ananiita mimi. Nililia mbele ya mafundi na sikuona haya.

Mchungaji aliporudi aliomba pale, tukamfukia babu alipolala, ukuta ukasogezwa hatua tatu. Sasa kanisa letu lina kona iliyopinda, na wageni huuliza kama fundi alikuwa amelewa. Nina mengi ya kumshukuru Mungu, lakini kila Jumapili nikipita kwenye kona ile huanza na yule fundi aliyenikaidi.